Kigugumizi Hajafa

Mama Pasi hakuweza kuangalia tamthilia bila mto wa kiti kuwa karibu. Penye utulivu alipiga pasi zake. Penye hatari aliiacha pasi, akaukumbatia mto, na mto ule uliona mengi. Muuaji akinyata, ulipanda mpaka puani. Mtu akikaribia mlango asiopaswa kuufungua, mto ulikula ngumi. "Usifungue! We mwanamke, usifungue, una wazimu?" Na mwanamke wa kwenye runinga, kama walivyo wote, alifungua.

Mumewe, fundi wa mafriji, alimshauri zaidi ya mara moja aangalie vichekesho kama watu wenye akili zao. Wapi! Mama Pasi alitaka zile za giza tupu, za maiti mtoni na familia zinazochekeana mezani huku mmoja wao ameshatia sumu kwenye chai. Zilimtesa, na alizipenda. Ikiisha sehemu moja alikwenda kukagua jiko mara tatu, akafunga dirisha lililokwisha kufungwa, na kuna mwezi mzima aligoma kununua nyama kwenye bucha la kona kwa sababu muuza nyama alitabasamu kama yule daktari aliyezika wagonjwa wake bustanini.

"Nyama ni ileile," Fundi alilalamika.

"Nyama sina neno nayo," alijibu. "Ni yale meno."

Jina alilipata kazini. Mtoto hakuwa naye. Alifua na kupiga pasi nguo za mtaa mzima, na meza ya pasi ilikaa pale pale sebuleni, mbele ya runinga. Pembeni, kwenye kiti chenye mikono, alikaa mama mkwe wake. Huyu watu walimwita Bibi Simu, kwa kuwa alifanya kazi ya kuunganisha simu za watu miaka ishirini na sita, tangu enzi za kuchomeka nyaya kwa mkono. Macho yake yalikuwa yamefifia kwa miaka miwili, mpaka yakabaki kumwonyesha mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu anayepita. Masikio, hayo yalibaki kazini.

Tamthilia zenyewe zilizungumzwa kwa lugha ya watu wa mbali, na tafsiri ikapita kwa maandishi chini ya kioo. Basi Mama Pasi alimsomea mkwewe kwa sauti. Pasipokuwa na maneno alisimulia picha: "Anashuka ngazi. Ameshika tochi. Kuna damu kwenye kitasa, mama, kidogo tu." Kila siku ya kazi, saa tisa alasiri, mtu mwenye busara hakupiga hodi kwenye nyumba ile.

Ya safari hii ilikuwa ya mji mdogo wenye ukungu na kiwanda cha mbao, ambako wanaume walipotea mmoja mmoja. Inspekta alikuwa mwanamke asiyecheka. Msaidizi wake alikuwa kijana mwenye kigugumizi, mifuko ya koti imejaa biskuti, anayeomba radhi hata kwa milango. Nyumbani walimwita Kigugumizi, na Bibi Simu alimpenda kupita kiasi. "Huyu kalelewa," alisema. "Sikiliza anavyosema asante."

Sehemu ya saba walimkuta Kigugumizi chini ya lundo la unga wa mbao, biskuti zingali mfukoni.

Mama Pasi hakusoma. Maneno yalipita chini ya kioo, yakapita mengine, na yeye amekodoa macho. Inspekta alikuwa amepiga magoti. Pasi ilikuwa imelala juu ya shati jeupe la karani wa benki, na moshi ulishaanza kupanda.

"Mbona umenyamaza?" Bibi Simu aliuliza. "Na ni nini kinaungua?"

"Shati, mama. Ni shati tu."

"Na kijana? Wamempata?"

"Wamempata." Mama Pasi aliinua pasi. Alama ya kahawia ilibaki pale mgongoni mwa shati, umbo kamili. "Ameumia. Wamempeleka hospitali."

"Atapona?"

"Atapona."

Karani wa benki alimfokea mlangoni, watu wanapita, akamwita mwanamke asiyejua kazi. Mama Pasi aliomba radhi huku machozi yakimtoka, na karani akadhani analilia shati.

Hapo ndipo alipoanza kutunga. Siku ya kwanza Kigugumizi alikuwa amelazwa. Ya pili ana mpira kooni, hawezi kusema. Ya nne ametoka hospitali, amekwenda kupumzika kwa shangazi yake, na amemwandikia Inspekta barua. Bibi Simu akataka kuisikia hiyo barua. Mama Pasi, Mungu amsamehe, akaisoma hewani, macho yake yakiwa kwenye uso wa mtu mwingine kabisa: "M-m-mpendwa Inspekta."

Bibi Simu alikohoa, akajifuta mdomo kwa leso. "Anagugumia hata akiandika?"

"Ni mazoea, mama."

Ilipofika sehemu ya kumi na sita, barua zilikuwa zimefuatana na kijana yule alikuwa na afya kuliko watu wote wa mji ule.

Wiki hiyo ilikuwa na jambo lake. Jumatano Bibi Simu alitakiwa alazwe apasuliwe macho. Mtaalamu alikuja hospitali kuu wiki moja tu katika nusu mwaka, na Ijumaa angeondoka. Barua ya hospitali Fundi na mkewe walikuwa wameisoma kwanza wawili, jikoni, mlango umerudishwa. Jicho la kushoto lilikwisha. La kulia lilikuwa na bahati yake, si kubwa, na likisubiri nusu mwaka mwingine hata hiyo isingekuwepo. Fundi alikuna kichwa. "Msomee vizuri," alisema. Mama Pasi akaenda sebuleni akasoma vizuri: macho yote mawili yatafunguka, kazi ya nusu saa, mama asiwe na wasiwasi.

Jumatatu saa tisa na robo Muuza Mayai wa nyumba ya pili aliingia bila hodi, trei mkononi, kwa kuwa busara si kitu alichokuwa akiuza.

"Ee, na nyie mnaangalia hii? Mimi mwenzenu niliacha tangu wamzike yule kijana wa biskuti. Jamani! Nilivyolia siku ile, mayai mawili yalinidondoka."

Mama Pasi alimtolea macho. Alikuwa amechelewa.

"Nani kazikwa?" Bibi Simu aliuliza taratibu.

"Si yule mwenye kigugumizi! Walimfukia kwenye unga wa mbao, wauaji wakubwa. Kwani hamkuona?" Sasa ndipo Muuza Mayai alipoyaona macho ya jirani yake. Alihamisha trei kutoka mkono huu kwenda huu. "Au nimechanganya na nyingine?"

"Umechanganya," alisema Mama Pasi.

"Hakuchanganya," alisema Bibi Simu. "Zima runinga, mwanangu."

Mama Pasi alizima. Muuza Mayai aliacha mayai mezani, akasema atafuata trei siku nyingine, akatoka kinyumenyume.

Alasiri yote ile Bibi Simu hakusema neno. Mama Pasi alipita mbele yake mara nne na mara nne akakosa pa kuanzia. Aibu ilimkaa mwilini, hata shingo ikawa ya moto. Mtu mzima mwenye nyumba yake, amekamatwa akimlisha maiti biskuti!

Jioni Fundi alirudi, akanawa, akakaa kula. Ndipo mama yake alipoweka kijiko chini.

"Jumatano siendi."

"Kwenda wapi?"

"Unapopajua."

Fundi alimtazama mkewe, mkewe akatazama ukuta. "Mama, mtaalamu anaondoka Ijumaa. Ukikosa safari hii ni nusu mwaka."

"Nimesikia."

"Sasa kwa nini?"

"Siendi mahali ambapo sijui nakwenda kufanywa nini."

Fundi alimfuata mkewe jikoni, akarudisha mlango. "Umemfanya nini mama?"

Akamweleza yote, Kigugumizi, barua, shangazi. Fundi alisikiliza mdomo wazi.

"Kwa hiyo anatupa jicho lake kwa sababu ya mchezo wa kwenye runinga?"

"Si mchezo. Hata ile barua ya hospitali... Ulisema nimsomee vizuri."

"Nilisema umsomee vizuri, sikusema utunge!"

"Ulikuwa umesimama mlangoni unaitikia kwa kichwa kwa furaha. Sasa umekuwa shahidi wa pembeni?"

"Punguzeni sauti au ongezeni," Bibi Simu aliita kutoka sebuleni. "Hiyo ya katikati inachosha masikio."

Fundi alirudi mezani shingo upande. Mama Pasi alibaki jikoni, akakwangua ukoko wa sufuria, akaula amesimama. Tangu mafriji ya watu yalipopungua kuharibika ndivyo alivyokula, baada ya kuwapakulia wenzake. Sketi yake aliibana kwa pini kiunoni.

"Umekula?" Bibi Simu aliuliza, Mama Pasi alipokuja kutoa vyombo.

"Nimekula, mama."

Jumanne alipiga pasi tangu asubuhi bila kuinua uso. Alipiga hata mataulo, ambayo hakuna aliyewahi kuomba yapigwe. Moyoni alijua jambo moja: kesho saa mbili asubuhi mwenye kitanda ataitwa jina, na kama hayupo, atapanda mwingine. Alitaka kwenda kupiga magoti mbele ya kile kiti, na kila alipoweka pasi chini aliichukua tena.

"Ni saa tisa," alisema Bibi Simu.

"Niwashe?"

"Usiwashe. Kaa hapa. Nisimulie sehemu ya saba. Anza mwanzo, na usiruke."

Mama Pasi alikaa. Akapapasa kutafuta mto, asiuone.

"Mto ninao mimi," alisema mama mkwe wake, na kweli alikuwa ameukalia. "Simulia."

Akaanza. Alieleza ukungu wa asubuhi, mlinzi wa kiwanda anayepiga miayo, mbwa anayekwaruza lundo la unga wa mbao na kukataa kuondoka. Alieleza mkono uliotangulia kuonekana, na saa ya mkononi ikiendelea kutembea. Alipofika kwenye biskuti sauti ilimkatika. Bibi Simu hakumharakisha.

"Inspekta akapiga magoti," Mama Pasi aliendelea, "akaanza kumpangusa ule unga kwenye nyusi. Kwa kidole, mama. Polepole, kama hataki kumwamsha."

"Alilia?"

"Hakulia. Alisema, 'Nilimwambia asisubiri nje, kuna baridi.' Basi. Hayo ndiyo maneno ambayo sikukusomea." Hapo Mama Pasi aliangua kilio, kilio cha wazi, cha msibani. "Nilimchukia aliyeitunga! Nilitaka nivunje kioo. Kijana hajamdhuru mtu, anaomba radhi hata kwa milango, halafu wanamfukia kama takataka. Ningekuambiaje?"

Bibi Simu alingoja mpaka kwikwi zikapungua.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba amekufa. Siku ile ile. Nimekaa na sauti za watu miaka ishirini na sita, mwanangu. Aliyekata simu mwenyewe na aliyekatikiwa na simu, nawatofautisha. Sauti yake ilikatika, muziki ukabadilika, na wewe ukaunguza shati. Tangu umeolewa hapa hujawahi kuunguza shati."

Mama Pasi alipigwa na butwaa. "Na zile barua?"

"Zile barua!" Tumbo la Bibi Simu lilianza kutikisika. "M-m-mpendwa Inspekta! Nilijifunika leso nikadhani nitakufa mimi. Nilijua huwezi kumwacha aende. Nikasema, basi na amweke hai, inampunguzia nini mtu? Na shangazi yake nilishampenda."

Wakacheka wote wawili, Mama Pasi huku kamasi zikimtoka. Halafu mkwewe akaacha kucheka.

"Lakini jana, Muuza Mayai alipolitamka lile jambo, nikawaza lingine. Runinga ina sauti. Ukinidanganya pale, nasikia. Karatasi haina sauti. Marehemu umemtunza wiki mbili kwa barua na biskuti. Macho yangu umeyafanya nini?"

Mama Pasi aliinuka bila kuambiwa, akafungua droo ya meza ya pasi, akaitoa barua chini ya vitambaa.

"Isome ilivyo," Bibi Simu alisema. "Kwa sauti ya mwenye barua. Ya kwako iache."

Akaisoma kwa sauti kavu ya Inspekta, tangu tarehe. Jicho la kushoto: presha ya jicho imeua mshipa wa kuonea, hakuna tiba. Jicho la kulia: mtoto wa jicho amekomaa, na presha imeanza, upasuaji huenda ukarudisha sehemu ya uwezo wa kuona, na huenda usirudishe. Ucheleweshaji zaidi haushauriwi. Sahihi. Mhuri.

"La kushoto limekufa," alisema Bibi Simu.

"Ndiyo, mama."

"Mbona naona mwanga wa dirisha?"

Hapa uwongo ulimjia Mama Pasi mdomoni, laini, ukiwa tayari. Akaumeza. "Hiyo ni kazi ya la kulia."

Bibi Simu aliweka kiganja juu ya jicho la kulia, akageuza uso dirishani. Alikaa hivyo kwa muda. Alipokiondoa kiganja, Mama Pasi alimshika mkono kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kufanya.

"Na 'huenda' wameandika mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Mara mbili." Akavuta pumzi. Akatoa mto chini yake, akampa. "Lile gauni langu la kijani limepigwa pasi?"

Mama Pasi hakuamini masikio yake. "Nalipiga sasa hivi, mama."

Kwenye dirisha la mapokezi ya hospitali, kesho yake asubuhi, karani aliteremsha fomu na kidau cha wino mbele ya Mama Pasi. "Mshike bibi kidole gumba, akibonyeze hapa."

Hakumtazama Bibi Simu hata kidogo. Nyuma yao foleni ilikuwa imefika mlangoni.

"Imeandikwa nini?" Bibi Simu aliuliza.

"Ni ya kukubali tu, dada," karani alimwambia Mama Pasi. "Mwambie ni kawaida."

"Nasikia, mwanangu. Kilichoharibika ni macho." Akamgeukia mkwewe. "Nisomee."

"Yote?" karani akashtuka. "Kuna watu nyuma!"

Kulikuwa na watu nyuma, na walianza kuguna. Mama Pasi alihisi shingo inapata moto tena. Akaishika fomu kwa mikono miwili, akasoma. Alisoma kutoka damu, alisoma maambukizi, alisoma kupoteza uwezo wote wa kuona uliobaki. Alipofika hapo mtu mmoja kwenye foleni alisema, "Ee Mungu," na kuguna kukakoma. Fundi, aliyekuwa amebeba mfuko wa nguo, alitazama viatu vyake. Mama Pasi aliendelea mpaka mstari wa mwisho, na hakulainisha hata neno moja.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nipe kalamu. Nionyeshe mstari ulipo."

Karani alivuta kidau chake taratibu. Mama Pasi aliuweka mkono wa mkwewe mwanzo wa mstari, na Bibi Simu akatia sahihi, ndefu, yenye mkia, iliyopanda juu kidogo mwishoni.

Ijumaa asubuhi muuguzi alimkalisha kitandani, uso umegeukia mbali na dirisha. Mtaalamu alikuwa na haraka. Gari lake lilikuwa linamngoja chini. Fundi alishindwa kukaa ndani, akatoka ukumbini akidai anatafuta choo. Mama Pasi alisimama miguuni mwa kitanda. Hakuwa na mto, akakumbatia mfuko wa nguo.

Bandeji ilitoka. Bibi Simu alipepesa jicho, machozi yakamshuka, akapepesa tena.

"Vidole vingapi?" mtaalamu aliuliza.

"Viwili. Vina ukungu."

"Na sasa?"

"Vinne."

Mtaalamu akasema ni vizuri kuliko alivyotarajia, ukungu utapungua kidogo, asitegemee zaidi ya hapo. Akaandika, akaaga, akaenda. Fundi, aliyesikia kila kitu kutoka mlangoni, alikaa chini pale pale ukumbini, akajifunika uso kwa kofia yake.

"Njoo hapa," alisema Bibi Simu.

Mama Pasi alizunguka kitanda, anacheka, analia, hajui kipi ni kipi. Mama mkwe wake alimvuta mkono mpaka nyuso zikakaribiana. Akamwangalia paji la uso, mashavu, akashuka shingoni, akashuka mpaka kwenye pini iliyobana sketi. Miaka miwili alikuwa hajauona uso ule.

"Umekonda," alisema.

Mama Pasi alifungua kinywa aseme ni ukungu wa jicho, ni mwanga wa chumba, ni gauni. Jicho moja lilikuwa linamtazama bila kupepesa.

"Ndiyo, mama."

"Umekula?"

"Sijala."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana huwa nakula ukoko, mama. Mkishakula nyie."

Bibi Simu alikishika kile kiganja chenye sugu za pasi, akakiweka juu ya gauni la kijani, hakukiachia.

"Tukifika nyumbani utanisimulia," alisema. "Anza mwanzo, na usiruke."